Seva Kuwa Hai Si Kuwa Nzima

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia sehemu moja: kanzidata zilizowekwa kwenye seva zaidi ya moja ili moja ikianguka nyingine ishike usukani. Mnauliza jinsi ya kujua, kabla ya siku ya balaa, kama usukani huo utashikika kweli. Katika majibu yangu, seva kuu ni ile inayopokea maandishi mapya, na seva za akiba ni zile zinazonakili kila kinachoandikwa huko zikisubiri zamu yao. Mifano mingi ni ya PostgreSQL na MySQL, kwa sababu ndizo mlizozitaja wengi wenu.

Swali: Wiki iliyopita watumiaji wetu walishindwa kuhifadhi chochote kwa dakika 40. Dashibodi ilikuwa ya kijani mwanzo hadi mwisho: seva inaitika ping, poti 5432 (mlango wa PostgreSQL) iko wazi, huduma inaonekana inaendelea. Tulikosea wapi?

Jibu: Mlipima uhai, hamkupima uzima. Mtu aliyezimia naye anapumua, lakini huwezi kumtwisha mzigo.

Ping hujibiwa na mfumo endeshi, hata kanzidata yenyewe ikiwa imeganda. Poti iliyo wazi inasema tu kwamba kuna anayesikiliza mlangoni. Haisemi kama ndani kuna anayehudumia. Wengi huongeza hatua moja, wakatuma `SELECT 1`, wakaridhika. Hoja hiyo, yaani swali hilo kwa kanzidata, haigusi jedwali lolote wala haiandiki kitu diskini. Nimewahi kuona kanzidata ikiijibu kwa chini ya milisekunde moja huku mfumo wa faili chini yake umegeuka kuwa wa kusoma tu, na kila `INSERT` inarudi na kosa.

Kipimo ninachokiamini ni cha kuandika. Tengenezeni jedwali dogo lenye mstari mmoja, na kila baada ya sekunde 5 au 10 programu ya ufuatiliaji iandike humo saa ya wakati huo, ikamilishe muamala, kisha iusome tena mstari ule. Tuliite jedwali la mapigo, maana nitalirudia huko chini.

Kipimo hicho kipite njia ileile wanayopita watumiaji wenu: jina lilelile la DNS, msawazishaji mzigo uleule, PgBouncer (programu inayogawa miunganisho) ileile kama mnayo. Na kiingie kwa akaunti ya kawaida, si ya msimamizi mkuu. Sababu ni hii: PostgreSQL isipobadilishwa huruhusu miunganisho 100, na 3 kati ya hiyo imetengwa kwa ajili ya wasimamizi wakuu. MySQL huruhusu 151, na mmoja wa ziada kwa msimamizi. Miunganisho ikijaa, kipimo chenye haki za msimamizi kinaingia kwa mlango wa uani na kuripoti kwamba mambo ni shwari, huku watumiaji wote wamefungiwa nje. Kwa maelezo mliyonipa, nashuku sana kwamba hilo ndilo lililowakuta.

Kisha wekeni ukomo wa muda: sekunde 2 za kuunganisha, sekunde 3 za kujibiwa. Kipimo kinachosubiri bila ukomo hakileti habari mbaya; kinanyamaza, na dashibodi inaendelea kuonyesha jibu jema la mwisho.

Swali: Pengo kati ya seva kuu na seva ya akiba tulipime kwa sekunde au kwa baiti? Kila chombo tunachotumia kinatoa namba yake, na hazilingani.

Jibu: Pimeni kwa vyote viwili, na msiiamini namba yoyote mpaka mjue inatoka wapi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoona watu makini wakidanganywa na vyombo vyao.

Mahali fulani nilipowahi kufanya kazi tulikuwa na grafu ya pengo la seva ya akiba ya MySQL. Ilikuwa mstari ulionyooka kwenye sifuri, mwezi hadi mwezi. Siku moja tukataka kuhamishia kazi huko ili tutengeneze seva kuu. Mwenzangu, kwa tahadhari tu, akaandika amri kwa mkono: `SHOW SLAVE STATUS`, kama ilivyoitwa kabla ya toleo 8.0.22 kuleta jina la `SHOW REPLICA STATUS`. Tukasoma pamoja mstari kwa mstari. `Slave_IO_Running: Yes`. `Slave_SQL_Running: No`. `Last_SQL_Errno: 1062`. `Seconds_Behind_Master: NULL`.

Kosa 1062 ni la ufunguo uliojirudia. Mtu alikuwa ameandika mstari moja kwa moja kwenye seva ya akiba, na mstari wenye ufunguo uleule ulipofika kutoka seva kuu, unakilishaji ukasimama hapohapo. Siku 19 zilikuwa zimepita. Namba ya pengo haikuwa sifuri. Ilikuwa tupu, na skripti yetu iligeuza utupu kuwa 0. Kama seva kuu ingekufa ndani ya siku hizo, tungeishika seva ya akiba kwa furaha na kugundua kwamba karibu wiki tatu za kazi za watu hazimo.

PostgreSQL ina mitego yake. Wengi hupima kwenye seva ya akiba kwa kutoa `pg_last_xact_replay_timestamp()` kutoka saa ya sasa. Usiku, hakuna anayeandika kitu, namba hiyo inapanda yenyewe hadi saa nzima wakati nakala imekamilika kabisa. Ili kuepuka kengele hizo za uongo, watu huongeza sharti: kama nafasi iliyopokewa inalingana na nafasi iliyotekelezwa, hesabu pengo kuwa sifuri. Sasa wameingia mtego wa pili, ambao ni mbaya zaidi. Seva ya akiba ikikatika mtandaoni, itamaliza kutekeleza ilichopokea, nafasi mbili zitalingana, na pengo litasomeka sifuri kwa siku nzima ilhali hakuna kinachoingia.

Kwa hiyo simameni upande wa seva kuu na kuisoma `pg_stat_replication`. Inaonyesha hatua nne za kila nakala, yaani kila seva ya akiba: kilichotumwa, kilichoandikwa, kilichofika diskini salama, na kilichotekelezwa. Tangu toleo la 10 kuna pia safu za muda, kama `replay_lag`. Hatua zile nne zikitofautiana, mnajua ugonjwa ulipo. Kilichotumwa kikiwa mbele sana ya kilichoandikwa, tazameni mtandao. Kilichofika diskini kikiwa mbele ya kilichotekelezwa, pengine kuna hoja ndefu ya ripoti inayosomwa kwenye seva ya akiba na kuzuia utekelezaji.

Lakini kumbukeni: nakala iliyokatika inatoweka kabisa kwenye orodha hiyo. Kengele inayosema "niite pengo likizidi sekunde 30" haitalia, kwa kuwa hakuna mstari wa kupimwa. Ndiyo maana kengele ya kwanza kabisa ninayoiweka ni ya kuhesabu: zinatakiwa nakala mbili, iko moja, lia.

Na lile jedwali la mapigo linarudi hapa. Mstari ulioandikwa kwenye seva kuu, usomeni kwenye seva ya akiba, mtoe saa ile kutoka saa ya sasa. Ndiyo kazi inayofanywa na pt-heartbeat ya Percona kwa upande wa MySQL. Namba hiyo haina tafsiri mbili, mradi saa za seva zote zimelinganishwa kwa NTP au chrony. Saa zikipishana sekunde 20, pengo nalo litasomeka vibaya kwa sekunde 20.

Swali: Shikamoo mwalimu. Tuna seva mbili, kuu na ya akiba, na kila moja inaichungulia nyingine. Watu wanatuambia tuongeze ya tatu. Kuna ulazima gani?

Jibu: Marahaba. Ulazima upo, na ni mkubwa.

Seva ya akiba isiposikia sauti ya mwenzake, ina maelezo mawili: mwenzangu amekufa, au njia kati yetu imekatika. Ikiwa peke yake haina namna ya kuyatofautisha. Ikijipandisha wakati seva kuu ingali hai na inaandika, mna seva kuu mbili, na mafahari wawili hawakai zizi moja. Nusu ya watumiaji wataandika huku, nusu kule, na kuunganisha vitabu hivyo viwili baadaye ni kazi ya mkono, mstari kwa mstari.

Dawa yake ni akidi, kama ile ya mkutano. Wajumbe watatu, wawili wakikubaliana uamuzi ni halali. Aliyebaki peke yake ananyamaza na kuacha kupokea maandishi. Klasta, yaani kundi la seva, ya nodi (wajumbe) 3 inavumilia kifo cha 1, ya 5 inavumilia 2. Ya 4 nayo inavumilia 1 tu, kwa hiyo nodi ya nne haiongezi kinga hiyo. Mjumbe wa tatu si lazima abebe data yote. Kwa Patroni, programu inayosimamia ubadilishanaji wa usukani wa PostgreSQL, kura hukaa kwenye hifadhi ndogo ya pamoja kama etcd, Consul au ZooKeeper, na nodi ya tatu inaweza kuwa mashine ndogo ya kupigia kura tu, alimradi haimo kwenye umeme uleule na swichi ileile ya mtandao na mojawapo ya hizo mbili.

Hiyo akidi nayo ina afya yake, na watu wengi huisahau. Kwenye etcd, tazameni muda wa kuandika diskini: maombi 99 kati ya 100 yanapaswa kukamilika ndani ya milisekunde 10. Diski ikichelewa, mapigo ya kiongozi, ambayo kwa kawaida ni kila milisekunde 100, huchelewa nayo, na wajumbe huanza uchaguzi usio na sababu. Kwenye Galera, mfumo wa klasta wa MySQL, ulizeni kila nodi `wsrep_cluster_size` na `wsrep_cluster_status`. Nodi iliyojikuta upande wa wachache itasema `non-Primary`, na hapo haihudumii hoja za kawaida ingawa programu yake inaendelea.

Hata akidi haimalizi kila kitu. Tarehe 21 Oktoba 2018, GitHub walikuwa wakibadilisha kifaa cha mtandao, na mawasiliano kati ya kituo chao kikuu cha data cha pwani ya mashariki ya Marekani na mtandao wao yakakatika kwa sekunde 43. Akidi ilifanya kazi yake: ikapandisha seva za pwani ya magharibi. Lakini upande wa mashariki ulikuwa na maandishi ya sekunde chache ambayo hayakuwa yamenakiliwa, na upande wa magharibi ukapokea mengine mapya. Hawakuweza kurudi nyuma bila kupoteza data za watu. Huduma ilidhoofika kwa saa 24 na dakika 11. Ninachokichukua hapo ni kwamba pamoja na kupima kama klasta inaweza kuchagua kiongozi, tupime pia ni nodi zipi zinaruhusiwa kuchaguliwa, na kila moja iko nyuma kiasi gani sasa hivi. Patroni ina mpangilio wa `maximum_lag_on_failover`, ambao usipoguswa ni baiti 1048576, yaani MB 1. Nakala iliyo nyuma zaidi ya hapo haigombei. Basi kengele yenu ya pengo ilingane na namba hiyo. Haifai kujua kwamba hamna mgombea siku ya uchaguzi.

Swali: Mkuu wetu wa idara anataka seva ya akiba ichukue usukani ndani ya sekunde 5. Tunamwambia haiwezekani, naye anasema hatujui kazi. Nani ana haki?

Jibu: Inawezekana, ila si jambo la kutamani. Patroni huja na muda wa 30, 10 na 10: sekunde 30 za uhai wa kiti cha uongozi, sekunde 10 za mzunguko, sekunde 10 za kujaribu tena. Vikundi vya Always On vya SQL Server, kanzidata ya Microsoft, huja na sekunde 20 za uhai wa idhini na 30 za kipimo cha afya. Namba hizo zimewekwa hivyo kwa sababu mashine pepe huganda. Mtu anachukua picha ya diski yake, au inahamishwa kutoka mashine moja ya chini kwenda nyingine, na kwa sekunde kadhaa haisikiki. Kisha inarudi kama kwamba hakuna kilichotokea. Ukomo ukiwa sekunde 5, kila mgando wa namna hiyo unageuka mapinduzi. Na kila mapinduzi hukata miunganisho yote, huanza na kumbukumbu baridi isiyo na kurasa za data, na kama unakilishaji hausubiri jibu, huweza kupoteza miamala ya mwisho.

Mpelekeeni hesabu. Asilimia 99.99 ya upatikanaji ni takriban dakika 52 za kukatika kwa mwaka. Kila mabadilishano yakichukua sekunde 40, mnaweza kubadilishana zaidi ya mara 70 kwa mwaka na bado mkawa ndani ya ahadi. Hata asilimia 99.999, ambayo inaacha dakika 5 na robo tu, inatoshea mara 7. Katika matukio niliyoyapitia, muda mwingi haukuliwa na mashine kubadilishana. Ulikwenda kwa watu wanaotafuta kujua kilichotokea.

Halafu hesabuni mabadilishano yenyewe. Kila PostgreSQL inapopandishwa cheo, namba yake ya mstari wa wakati huongezeka kwa moja, na `patronictl history` inaonyesha lini na wapi. Mkikuta imepanda mara tatu ndani ya wiki bila mtu kuitwa, mfumo unawaficha ugonjwa kwa kuukimbia.

Swali: Prosesa ikifika asilimia 80, tupige kengele?

Jibu: Hapana. Kanzidata inayotumia prosesa kwa asilimia 80 na kujibu kwa wakati inafanya kazi mliyoinunulia. Wekeni kengele kwenye muda wa kujibu, na grafu ya prosesa ibaki pembeni kwa ajili ya kutafuta chanzo.

Swali: Diski ya seva kuu ilijaa usiku mmoja, PostgreSQL ikazima. Data yenyewe haikuongezeka hata kidogo. Siku mbili kabla tulikuwa tumezima seva moja ya akiba ya zamani. Kuna uhusiano?

Jibu: Uhusiano ni wa moja kwa moja. Seva ile ya akiba iliacha nafasi yake ya unakilishaji, ile inayoorodheshwa kwenye `pg_replication_slots`. Nafasi hiyo ni ahadi: seva kuu haitaondoa faili za WAL (kumbukumbu ya kila badiliko, inayoandikwa kabla ya data yenyewe) ambazo mwenye nafasi hajazipokea. Mwenye nafasi hayupo tena, ahadi imebaki, na faili zinarundikana.

Faili moja ya WAL kwa kawaida ni MB 16. Seva inayojaza faili moja kila sekunde mbili, na hiyo si seva yenye shughuli za kupindukia, inarundika karibu GB 690 kwa siku. Pimeni kila dakika ni baiti ngapi kila nafasi inazuia, kwa `pg_wal_lsn_diff` kati ya `pg_current_wal_lsn()` na `restart_lsn` ya nafasi hiyo, na kengele ilie kwa nafasi yoyote ambayo `active` yake ni uongo kwa zaidi ya dakika chache. Tangu toleo la 13 kuna `max_slot_wal_keep_size`, lakini haiwekwi kikomo mpaka mkiweke wenyewe. Kiwekeni. Ni afadhali kuijenga upya nakala moja kuliko seva kuu kuzimika.

Nawasihi jambo moja kwa moyo wote: diski ikijaa, msifute faili ndani ya `pg_wal` kwa mkono. Jina la zamani la folda hiyo lilikuwa `pg_xlog`, na watu waliliona neno log wakadhani ni logi za kusomwa na kutupwa. Ni sehemu ya kanzidata yenyewe. Likabadilishwa katika toleo la 10 kwa sababu hiyohiyo. Futeni nafasi iliyoachwa, kwa `pg_drop_replication_slot`, na PostgreSQL itasafisha yenyewe.

Swali: Tunapokea jumbe za tahadhari karibu 200 kila usiku. Vijana wa zamu wamezima sauti za simu. Nawalaumu, lakini nawaelewa.

Jibu: Usiwalaumu, ndugu yangu. Kengele inayolia bure mara 199 imewafundisha kwamba ya 200 nayo ni bure.

Mimi humwamsha mtu kwa mambo manne tu. Kipimo cha kuandika kikishindwa mara tatu mfululizo. Kusibaki nakala hata moja inayofaa kupandishwa. Akidi ikibaki na idadi ya chini kabisa, kiasi kwamba akipotea mjumbe mmoja tena kila kitu kinasimama. Na diski itakayojaa ndani ya saa 4 kwa mwendo wa sasa. Prometheus, chombo cha kukusanya vipimo, ina `predict_linear` kwa kazi hiyo, na ni bora mara nyingi kuliko "diski imefika asilimia 85", kwa kuwa diski ya TB 10 iliyofika asilimia 85 na haisogei haina neno, na ya GB 50 iliyoko asilimia 60 inaweza kujaa kabla ya alfajiri.

Mengine yote yasubiri asubuhi, ila yaandikwe. Cheti cha usalama kinachobakiza siku 30. Muamala ulioachwa wazi tangu jana. Umri wa namba za miamala kwenye PostgreSQL, `age(datfrozenxid)`: ukifika milioni 200 mfumo unaanza kuzigandisha wenyewe kwa lazima, na ukomo uko kwenye takriban bilioni 2, ambako kanzidata hukataa kuandika ili isiharibu data. Katika seva nyingi umbali kati ya hizo mbili ni mrefu, kwa hiyo hakuna haja ya kumkatiza mtu usingizi, lakini pia hakuna udhuru wa kufika mwisho.

Seva kuu ikifa, msipokee jumbe 40 za chanzo kimoja. Alertmanager, mwenza wa Prometheus wa kupeleka kengele, inaweza kuzikusanya, na kuzinyamazisha zile ambazo ni matokeo ya ile kubwa. Na kila ujumbe unaomwamsha mtu ubebe hatua ya kwanza ya kuchukua. Ukishindwa kuiandika hatua hiyo, futa kengele.

Swali: Tuna nakala tatu zinazokwenda sambamba na seva kuu. Bekapu za usiku bado zina maana?

Jibu: Zina maana kamili. Nakala hunakili kwa uaminifu hata makosa. `DELETE` iliyosahau `WHERE`, yaani amri ya kufuta isiyo na sharti, hufika kwenye nakala zote tatu kabla mwenye kosa hajainua mkono kutoka kwenye kibodi.

GitLab walilieleza lao hadharani, na nawaheshimu kwa hilo. Tarehe 31 Januari 2017 unakilishaji ulikuwa umekwama, mhandisi akataka kusafisha folda ya data kwenye seva ya akiba ili aanze upya, na amri ikaendeshwa kwenye seva kuu. Karibu GB 300 zikafutika kabla hajaizuia. Walipokimbilia bekapu za `pg_dump` wakakuta hifadhi ni tupu: programu iliyotumika ilikuwa ya toleo 9.2 na kanzidata ya 9.6, kwa hiyo ilikuwa ikishindwa kila siku. Barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa na mpokeaji kwa kutokuwa na saini inayotakiwa. Kilichowaokoa ni picha ya diski ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa 6 kabla, kwa shughuli nyingine.

Kwa hiyo msiulize kama kazi ya bekapu ilianza, wala kama ilimalizika bila kosa. Ulizeni: faili mpya kabisa ina umri gani, na ukubwa wake ukoje ukilinganisha na ya jana? Kwa wanaohifadhi WAL, `pg_stat_archiver` inaonyesha `last_archived_time` na `failed_count`. Zitazameni zote mbili. Kisha, angalau mara moja kwa wiki, mashine ijirejeshee bekapu ya mwisho peke yake kwenye seva tupu, iwashe kanzidata, na isome jedwali la mapigo. Saa iliyoandikwa humo ndiyo saa halisi ya bekapu yenu. Urejeshaji ulichukua muda gani, nao uwekwe kwenye grafu, kwa sababu unakua pamoja na data bila mtu kuona.

Swali: Chombo chenyewe cha ufuatiliaji kikifa, nani atatuambia? Na zoezi la kubadilishana usukani tulifanye mara ngapi?

Jibu: Kwa la kwanza, geuzeni mantiki. Wekeni kengele moja inayolia daima, kila dakika, ikipelekwa kwenye huduma iliyo nje kabisa ya mtandao wenu. Huduma hiyo kazi yake ni kupiga simu siku kengele ikinyamaza. Na seva ya ufuatiliaji isikae kwenye mashine zilezile inazozichunga. Nimekuta mara mbili takwimu za Prometheus zikiwa kwenye diski ya klasta iliyokuwa ikipimwa.

Kwa la pili, mara moja kila mwezi kwa mabadilishano ya kupangwa, na kila robo mwaka kwa kifo cha ghafla: zimeni umeme wa mashine pepe, msizime huduma kwa adabu. Tofauti ni kubwa. Huduma inayozimwa kwa adabu huaga wenzake na kumalizia kutuma kilichobaki. Inayokatwa umeme haiagi mtu. Fanyeni pia zoezi la kukata mtandao kati ya nodi mbili huku zote ziko hai, kwani hapo ndipo mtakapoona kama seva kuu ya zamani kweli inajishusha.

Siku ya zoezi, jedwali la mapigo liongezewe mstari mpya kila sekunde badala ya kubadilisha uleule, na programu inayoandika iweke pia logi yake, pembeni, ya kila mstari uliokubaliwa. Zoezi likiisha, chukueni mstari wa mwisho uliokubaliwa kabla ya kukatika na wa kwanza uliokubaliwa baada yake: katikati yake ndio muda halisi ambao watumiaji wangesimama. Kisha linganisheni logi ile na jedwali lililoko kwenye seva kuu mpya. Kila mstari ambao logi inasema ulikubaliwa na jedwalini haumo ni muamala ambao mtumiaji aliambiwa umepokelewa, na haupo.